Mgeni Siku ya Tatu: Haki za Binadamu kutoka Königsberg hadi Dzaleka



Ndugu msomaji, muhula uliopita tulikuwa katika darasa letu la Jumamosi baada ya Alasiri, kule Dzaleka, watu kumi na wawili hivi tumekaa kwenye mkeka. Mimi ndiye niliyetoka chuoni Lilongwe na madaftari, na nilikuwa nimejiandaa kusomesha mlango wa haki. Nikauliza kwa kujiamini: haki za binadamu ni za nani? Kabla sijafungua daftari, kijana mmoja akajibu kutoka nyuma, "Za mwenye kitambulisho." Tukacheka. Mzee mmoja Mrundi hakucheka. Akasema, "Kijana ametoa jibu. Sasa mtakeni dalili."

Kwa sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu neno hilo ni zito. Kauli isiyo na dalili haisimami, iwe imetoka kwa mwanafunzi au kwa sheikh. Tangu siku ile nimekaa na jibu la yule kijana, na kadiri ninavyoendelea na somo la fikra za siasa na maadili za Magharibi (nikiri kwamba nililichagua kwa sababu kipindi chake kinaisha mapema na minibasi ya kurudi Dowa haisubiri mtu) ndivyo ninavyoona kwamba dalili yake ipo. Tena aliyeiandika vizuri kuliko wote ni mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mkimbizi.

Lakini kabla ya kumfikia, niseme jambo moja kuhusu namna tunavyosoma mambo haya katika jumuiya zetu. Tunazo njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kusema fikra za Wazungu zote ni za kumkana Mwenyezi Mungu, kwa hiyo hazina cha kutufaa. Ya pili ni kusema haki zote walizozigundua wao tulipewa sisi karne 14 zilizopita, kwa hiyo hatuna haja ya kuzisoma. Njia hizi zinapingana, ila zina faida moja kwa anayezipita: zote zinamwondolea taabu ya kufungua kitabu. Leo tuifanye taabu hiyo kwa swali moja tu. Mgeni aliyefika mlangoni kwa watu, hana nchi nyuma yake, anaweza kudai nini, na anamdai nani?

Mtu na raia

Zama ambazo Wazungu wenyewe waliziita Zama za Mwangaza zilianza wakati Ulaya imechoka kuchinjana kwa ajili ya madhehebu. Hilo tusilisahau, kwa sababu tunaosoma nje ya Ulaya huwa tunadhani walikaa tu kwenye viti wakaanza kutilia shaka dini. Walikuwa wametoka kwenye vita. Mwaka 1689 ilichapishwa barua ya John Locke, Mwingereza, kuhusu uvumilivu wa dini, na humo akasema kwamba mtu asinyimwe haki zake za kiraia kwa sababu ya dini yake, awe Myahudi au Muislamu. Kututaja sisi kwa jina, wakati huo, Uingereza, halikuwa jambo dogo. Katika kitabu chake kingine cha miaka hiyohiyo alijenga hoja kwamba watu walikuwa na haki kabla ya kuwa na serikali. Serikali ikaja baadaye, kwa makubaliano, kuzilinda. Ikiacha kuzilinda imevunja makubaliano.

Wapo wanaopenda kusema kwamba Locke alichukua kwetu. Ni kweli kwamba mwaka 1671, huko Oxford, kisa cha Hayy ibn Yaqdhan cha Ibn Tufayl, yule mtoto aliyelelewa na paa kisiwani na kumjua Mola wake kwa akili yake peke yake, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa na wengi. Ni kweli pia kwamba Locke alisoma Oxford na aliwajua wasomi wa Kiarabu wa chuo hicho. Kutoka hapo hadi kusema alinakili ni safari ndefu, na mimi siifanyi. Tunachojua kwa yakini kinatosha: hewa ya fikra ile haikuwa ya Ulaya peke yake.

Tunajua pia kwa yakini kwamba Locke huyohuyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyofanya biashara ya kuuza Waafrika. Nalitaja hili hapa nisije nikaonekana nimelificha. Nitarudi kwenye suala la watumwa, maana sisi nasi tuna mzigo wetu.

Tupite haraka karne nzima tufike Ufaransa, Agosti 1789, kwenye tamko maarufu la haki. Angalia kichwa chake: ni Tamko la Haki za Mtu na za Raia. Maneno mawili. Waliyaweka pamoja kama kwamba ni kitu kimoja, kama mtu anavyosema "chai na sukari" akimaanisha kikombe kimoja. Kila mtu, walidhani, ni raia wa mahali fulani. Swali la mtu asiye raia wa popote halikuwasumbua, kwa sababu katika mawazo yao mtu huyo hakuwepo. Hapa ndipo dalili ya kijana wetu inapoanza.

Mzee wa Königsberg

Mwaka 1795 Immanuel Kant, akiwa na miaka 71, alitoa kijitabu kuhusu amani ya kudumu. Kant aliishi maisha yake yote ndani au jirani na mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad na uko Urusi. Mtu ambaye hakusafiri ndiye aliyeandika kanuni ya wasafiri, na ameiandika vizuri.

Hoja yake inakwenda hivi. Dunia ni duara. Kwa kuwa ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho. Ukiendelea kumkimbia mwenzako mwisho utakutana naye upande wa pili. Hapo mwanzo hakuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya mwingine ya kuwa mahali fulani pa ardhi. Kwa hiyo mgeni akifika katika nchi ya watu wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Kant anasisitiza kwamba anazungumzia haki, hazungumzii huruma. Mwenyeji anaweza kumkataa, lakini kwa sharti: kukataliwa huko kusiwe ndiko kuangamia kwake. Sharti hilo tunalijua leo katika ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, inayokataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini.

Ukiisoma hoja hii huku umehifadhi Suratun Nisaa utasimama kidogo. Katika aya ya 97 malaika wanawauliza waliojidhulumu na kudai kwamba walikuwa wanyonge: je, ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa pana mkahamia humo? Kant anatoka kwenye ufinyu wa dunia, aya inatoka kwenye upana wake, na zote mbili zinamfikisha mtu aliyedhulumiwa kwenye mlango wa jirani. Nilipolisema hili darasani, dada mmoja akasema upana ni wa ardhi, si wa ofisi. Sikuwa na jibu.

Kant pia aliwasema Wazungu wenzake. Aliandika kwamba "kutembelea" kwao Marekani, Afrika, visiwa vya viungo na Rasi ya kusini kulikuwa ni kuteka. Walifika nchi za watu wakazihesabu kama hazina wenyewe. Maneno hayo, kutoka kwa Mzungu wa 1795, yana thamani. Lakini Kant huyohuyo katika maandishi yake mengine kuhusu mataifa ya watu aliwapanga wanadamu kwa madaraja ya rangi, na sisi akatuweka chini. Wapo wanaosema alibadilika uzeeni. Huenda. Mimi namchukulia kama tunavyomchukulia mpokezi wa habari: anapokuwa na hoja iliyo wazi naipokea, anapopotoka naonesha alipopotoka, na simfanyi imamu.

Sasa tazama mpaka wa kanuni yake, maana kwa mkazi wa Dzaleka mpaka huu ndio mambo yote. Kant anampa mgeni haki ya kutembelea. Haki ya kukaa kama mwana wa nyumba, anasema, hiyo inataka mapatano maalumu ya hisani. Basi. Mgeni wake ni mtu anayepita: mfanyabiashara, baharia aliyevunjikiwa na chombo. Amesahau kutuambia ziara inakwisha lini. Mgeni ambaye nyumbani kwao kunaendelea kuwaka moto miaka kumi, ishirini, thelathini, yuko katika kifungu gani?

Waswahili walifikiria siku ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumfukuza mvivu, lakini isome upya ukiwa mkimbizi. Jembe ni mzigo, na ni heshima pia. Anayekupa jembe amekuonesha shamba. Amekubali kwamba siku ya nne utakuwepo. Hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) nayo inaweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Mila hizi mbili zinajua kitu ambacho Kant hakukigusa: huwezi kumweka mtu katika hali ya mgeni milele bila kumgeuza kuwa ombaomba.

1987, 1994

Tuje nyumbani. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zama za Kamuzu Banda mahali hapa palikuwa gereza, na walioletwa wengi wao walikuwa Wamalawi waliofungwa kwa ajili ya siasa. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu 10,000 au 12,000 hivi. Leo tumepita 50,000: Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, na wengine wa Ethiopia na Somalia. Tunaongea Kiswahili sokoni kwa sababu ndicho kinachotukutanisha.

Malawi iliingia katika Mkataba wa 1951 tarehe 10 Desemba 1987. Tarehe hiyo ni siku ya haki za binadamu duniani, siku ambayo Tamko la 1948 lilipitishwa. Lakini ilipoingia iliweka vikwazo vyake kwa maandishi, jambo ambalo sheria ya mataifa inaruhusu. Kuhusu elimu, ibara ya 22, na ibara nyingine kadhaa, ilisema itazichukua kama mapendekezo yasiyoifunga. Kuhusu kazi ya mshahara, ibara ya 17, ilikataa kufungwa na misamaha ambayo mkataba unampa mkimbizi aliyekaa muda mrefu. Kuhusu kutembea, ibara ya 26, ilijiwekea haki ya kuchagua mahali mkimbizi atakapoishi na kumzuia kutoka pale usalama au utulivu wa nchi utakapohitaji hivyo.

Ni rahisi kukasirika. Nilikasirika. Kisha nikafikiri juu ya mwaka wenyewe. Msumbiji ilikuwa vitani, na watu wake walikuwa wakimiminika mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Malawi, nchi ndogo na miongoni mwa maskini kabisa duniani, ilikuwa inahifadhi wakimbizi wapatao milioni moja. Nchi tajiri zilizoandika mkataba ule hazijawahi kubeba mzigo wa kiasi hicho kwa kulinganisha na uwezo wao. Anayeandika makala ya kulaumu bila kutaja hili hajafanya uadilifu. Wachewa wa vijiji vinavyotuzunguka wananunua na kuuza sokoni kwetu, na wengi wao hawana zaidi ya tulichonacho sisi.

Hata hivyo uadilifu una pande mbili. Mwaka uleule wa 1994 ambao gereza liligeuzwa kambi, Malawi ilipata katiba mpya, baada ya barua ya maaskofu wa Kikatoliki ya Machi 1992 na kura ya maoni ya Juni 1993 iliyomaliza utawala wa chama kimoja. Katiba hiyo ni mtoto halali wa fikra tunazozisoma hapa: ina sura nzima ya haki. Fungua kifungu cha 29, kinachohusu kufanya kazi na kujitafutia riziki popote Malawi. Fungua cha 39, kinachohusu kutembea na kukaa. Vyote viwili vinampa haki hizo kila mtu. Havisemi kila raia. Waliotoka chini ya udikteta walijua ladha ya kuzuiliwa, wakaandika neno pana. Na mwaka huohuo, katika majengo yaleyale ya gereza la udikteta, wakaanza kupokelewa watu ambao neno hilo pana halikuwafikia.

Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na Mei mwaka huo operesheni ya kuwaondoa mjini ikaanza Lilongwe. Agizo kama hilo lilikuwa limetolewa mwaka 2021 na likafikishwa mahakamani. Sitasimulia yaliyotokea 2023, wengi wenu mlikuwepo kuliko mimi. Nataka tu tuone ni pande gani mbili za fikra zilizokutana siku zile. Upande mmoja ni wa Locke: serikali ni makubaliano ya raia, na raia wenye maduka madogo walikuwa wanalalamika kwamba wageni wamewabana. Upande wa pili ni wa neno "kila mtu". Pande zote mbili zimetoka katika zama zilezile, na kwa mgeni wa muda mrefu zinagombana. Hata John Rawls, mwanafalsafa mkubwa wa Marekani wa karne ya 20, alipoandika nadharia yake ya haki mwaka 1971 alianza kwa kudhani jamii iliyojifunga yenyewe. Katika hesabu yake ya kwanza hakuna anayegonga mlango.

Mwanamke aliyetoka mji wa Kant

Hannah Arendt alizaliwa 1906 na kukulia Königsberg, mji wa yule mzee. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 alikamatwa na polisi wa Hitler, akaachiwa, akakimbilia Ufaransa. Ujerumani ikamvua uraia. Mwaka 1940 Wafaransa walimweka kambini Gurs, kwa kuwa alihesabiwa Mjerumani, yaani adui, wakati Wajerumani wenyewe walikwisha kumkana. Alipata njia ya kwenda Marekani 1941, na mpaka 1951 hakuwa raia wa nchi yoyote. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake kikubwa juu ya asili ya utawala wa kiimla, na ndani yake iko dalili tuliyoitaka.

Anasema hivi, kwa maneno yangu. Haki za mtu zilielezwa kuwa ni zake kwa kuwa ni mtu tu, hazitoki serikalini. Basi ingetarajiwa kwamba siku mtu akipoteza serikali yake, akabaki mtu mtupu, hapo ndipo haki hizo zingemshika mkono. Ilipotokea kweli, Ulaya, baina ya vita vikuu viwili, hazikumshika. Waliopoteza uraia walipoteza vyote. Ikaonekana kwamba kabla ya haki ya kusema, ya kumiliki au ya kutembea, kuna haki moja ya chini yao zote: haki ya kuwa mahali ambapo mtu ana haki, ambapo neno lake linasikilizwa na tendo lake linahesabiwa.

Anatoa na kipimo. Ukitaka kujua kama mtu ametupwa nje ya sheria, uliza kama hali yake kisheria ingekuwa bora endapo angeiba kitu kidogo. Mwizi ana mwanasheria, ana tarehe ya kesi, ana hukumu yenye mwisho. Nilipokisoma kipimo hiki nilifikiria wafungwa wa Banda waliolala katika majengo yale. Nao hawakuwa na mwisho, maana wengi waliwekwa kizuizini bila kesi. Mahali hapa pamejua aina zote mbili: raia aliyenyimwa haki zake, na mtu asiyekuwa na wa kumnyima kwa kuwa hakupewa.

Kwa hiyo kijana wetu alikuwa sahihi? Katika kueleza yalivyo, ndiyo. Katika kueleza yanavyopasa kuwa, hapana, na hapa ndipo tunapohitaji kurudi katika elimu yetu.

Binadamu

Tuanze na lugha. Wafaransa waliandika "mtu na raia". Sisi tunasema haki za binadamu, na binadamu ni bani Adam, wana wa Adam, walewale ambao aya ya 70 ya Suratul Israa inasema wametukuzwa. Katika neno hilo hakuna nchi wala pasi ya kusafiria. Neno "raia" nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni wanaochungwa, kundi la mchungaji. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba lugha yetu imempa utukufu mwana wa Adam, na raia imempa mchungaji. Tatizo letu Dzaleka si la utukufu. Tumekosa mchungaji.

Fiqhi iliwahi kulifikiria hili kwa undani kuliko tunavyofundishwa. Suratut Tawba aya ya 6 inaamrisha kwamba hata mshirikina, wakati wa vita, akiomba hifadhi apewe, na kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kutokana nayo wanazuoni walijenga mlango wa amana ya ulinzi, na wakasema ulinzi huo si wa mtawala peke yake kuutoa. Siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani alimpa hifadhi mtu aliyekuwa anatafutwa, na Mtume (s.a.w.) akauthibitisha ulinzi wake. Mwanamke mmoja alimfungulia mtu mlango, na dola nzima ikafungwa na neno lake. Kisha Mahanafi wakauliza swali ambalo Kant hakuliuliza: aliyepewa amani akikaa muda mrefu? Wakasema akitimiza mwaka hali yake inabadilika, anakuwa mkazi mwenye ahadi, analipa anachopaswa kulipa na analindwa kama wanavyolindwa wakazi. Mwaka mmoja. Baada yake hakuna ugeni unaoning'inia.

Sisemi kwamba turudishe hukumu hizo kama zilivyo. Mkazi yule hakuwa sawa na Muislamu katika kila jambo, na ukimsomea kijana wa leo mlango wa jizya atakuuliza maswali ya haki kabisa. Wala tusijifanye kwamba elimu ile ilituzuia na dhulma. Uislamu uliofika Nkhotakota, ufukweni mwa ziwa letu, katika karne ya 19 ulikuja pamoja na akina Jumbe, Waswahili wa pwani, na majahazi yao yalivusha pembe na watu. Waliouzwa nao walikuwa bani Adam. Waliowauza walikuwa wakiswali. Anayemkumbusha Locke hisa zake na akanyamaza juu ya Nkhotakota anapunja mizani.

Ninachosema ni kwamba swali la siku ya tatu lina historia kwetu. Na jibu zuri zaidi ninalolijua liko Madina. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha Muhajirina na Ansari udugu, na Abdurrahman bin Auf akaunganishwa na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina. Saad alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaikataa nusu ile, akaomba aoneshwe soko. Alikwenda soko la Banu Qaynuqa, akarudi na jibini kavu na samli alizochuma kwa biashara yake.

Mawaidha mengi yanaishia kwa Saad na ukarimu wake, na anastahili. Aya ya 9 ya Suratul Hashr inawasifu watu wa aina yake. Mimi naomba tubaki kwa Abdurrahman. Alikuwa hana kitu, na alijua tofauti ya kupewa na kuruhusiwa. Pia tazama kile ambacho soko lilihitaji kuwa ili jibu lake liwe na maana: lilihitaji kuwa wazi kwake. Mhamiaji aliingia, akauza, akatoka na faida, na hakuna aliyemwambia arudi alikotoka.

Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya 2006, imejaribu kitu kinachokaribia hicho: mkimbizi anatembea, anafanya kazi, na katika makazi kama Nakivale anapewa kipande cha kulima. Kuna taabu zake, misaada imepungua na ardhi haitoshi. Tanzania mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 na watoto wao, waliokuwa wameishi huko miaka 40. Si nchi tajiri hizi. Hoja kwamba jembe haliwezekani kwa maskini inahitaji kuzijibu kwanza.

Hapa nataka kuwa mkweli juu ya udhaifu wa upande wetu. Wema wa Saad hauwezi kushitakiwa mahakamani. Kama Saad angekataa, Abdurrahman hangekuwa na wa kumpelekea kesi. Fikra za Magharibi, pamoja na unafiki wa waandishi wake, zilifanya kazi moja ambayo sisi tumeizembea: ziliandika haki kwa namna ambayo mnyonge anaweza kuishika karatasi, akasimama mbele ya hakimu na kusema kifungu fulani. Elimu yetu inamwambia mwenye nyumba kwamba ataulizwa Siku ya Kiyama. Ni kweli ataulizwa. Mama anayeuza maharage na dagaa kwenye meza ya mbao hawezi kusubiri hukumu hiyo kwa ajili ya ada ya muhula huu.

Nilimrudia yule mzee Mrundi nikamweleza nilichokipata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: hicho kifungu cha 29, kimeandikwa kwa lugha gani? Nikamwambia nimekisoma kwa Kiingereza. Akasema basi Jumamosi nije nacho kwa Kichewa na kwa Kiswahili, kwa sababu mwenye duka jirani ni Mchewa, naye hajakisoma pia.

Ndugu yetu mmoja anayesoma sheria amekubali kuja kutusomesha kifungu cha 44, kinachoeleza ni wakati gani serikali inaweza kuzipunguza haki hizo na kwa masharti gani. Ni palepale, baada ya Alasiri. Anayetaka kusaidia kutafsiri anione baada ya swala ya Ijumaa.

Wallahu a'alam.